NGC 1365: umbali na upana havikubaliani, kosa liko wapi?

MchoraAnga aliuliza:

Wakuu, salaam. Naandaa karatasi ya maelezo kuhusu NGC 1365, ile galaksi spirali yenye upau iliyoko kundinyota la Tanuri (Fornax), na namba zake zinagongana. Umbali wake umeandikwa miaka ya nuru milioni 56 mahali pamoja, 60 mahali pengine, na kwingine 65. Nikaukokotoa kwa mhamo mwekundu (mwanga kusogea kuelekea nyekundu kwa kuwa galaksi inatuacha): z ni 0.00546, sawa na kasi ya km 1,636 kwa sekunde. Nikigawa kwa 70 (kiwango cha Hubble cha kutanuka kwa ulimwengu, km/s kwa kila megaparseki) napata megaparseki 23.4, yaani miaka ya nuru milioni 76. Haikaribii hata moja kati ya zile tatu.

Upana nao umeharibika. Galaksi inashika dakika 11.2 za tao kwa 6.2 (dakika moja ya tao ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja). Kwa umbali wangu, hiyo inakuwa karibu miaka ya nuru 250,000, ilhali wengi wanataja 200,000 au pungufu. Na nikitumia uwiano wa 6.2 kwa 11.2 kutafuta mwinamo wa sahani, napata nyuzi 56, lakini maandishi ya kitaalamu yanasema 40. Nimekosea wapi? Pia naomba mtu anieleze upau wenyewe unafanya kazi gani, maana sitaki kuandika tu kwamba "una umbo la kijiti".

Sefeidi:

Mkuu, kugawa kwako ni sahihi. Tatizo ni kutumia kanuni ya Hubble kwa galaksi iliyo jirani namna hii, tena iliyomo ndani ya kundi. Kasi unayoisoma kwenye spektra ina sehemu mbili zilizochanganyika: kutanuka kwa ulimwengu, na mwendo wa galaksi yenyewe ikivutwa na majirani zake. NGC 1365 ni mwanachama wa kundi la galaksi la Tanuri, na wanachama wa kundi hilo hutofautiana kasi kwa km/s 300 na zaidi kutoka kwenye wastani wao. Kwa galaksi iliyo mbali mara kumi zaidi, km/s 300 ni kosa la asilimia mbili au tatu. Hapa ni karibu moja ya tano ya namba yako nzima.

Pima kwa kurudi nyuma. Umbali uliopimwa bila kutegemea kasi ni megaparseki 18. Zidisha kwa 70, utapata km/s 1,260. Tofauti kati ya hiyo na 1,636 ni 376, na hiyo ndiyo iliyokusukuma hadi miaka ya nuru milioni 76.

Hizo megaparseki 18 zinatoka kwa nyota za Sefeidi. Darubini ya Hubble ilizifuatilia takriban 50 ndani ya galaksi hii katika miaka ya 1990. Nyota ya aina hiyo hung'aa na kufifia kwa mpigo, na kadiri mpigo unavyokuwa mrefu ndivyo mwangaza wake halisi unavyokuwa mkubwa. Ukishajua mwangaza halisi, unaulinganisha na unaoonekana. Tofauti ya magnitudo (kipimo cha mwangaza, ambapo namba ndogo ni angavu zaidi) iliyopatikana ni 31.27. Ongeza 5, gawa kwa 5, halafu pandisha 10 kwa kipeo hicho: parseki milioni 17.95, sawa na miaka ya nuru milioni 58.5.

Kuna kipimo cha kukagua. Mwaka 2012 supanova (mlipuko wa nyota) ya aina ya Ia, SN 2012fr, ililipuka humo na kilele chake kikafika magnitudo 12 hivi. Toa 31.27, unabaki na −19.3, mwangaza wa kawaida kabisa wa supanova za aina hiyo. Lakini usiuandike kama ushahidi huru: galaksi hii ni mojawapo ya zile zinazotumika kusawazisha mwangaza wa supanova za Ia, kwa hiyo utakuwa unajizungusha.

Namba ya 65 hutoka kwa waliotumia umbali wa wastani wa kundi zima, megaparseki 20, badala ya wa galaksi hii pekee. Ile 56 ni megaparseki 17 na kidogo. Kwenye karatasi yako andika "miaka ya nuru milioni 59, kwa nyota za Sefeidi" na utaje kosa la milioni 2 au 3. Namba ya umbali bila njia iliyoutoa haimsaidii msomaji, kwa sababu hana namna ya kuilinganisha na nyingine.

Pembetatu:

Naendelea alipoishia Sefeidi. Upana: geuza dakika 11.2 kuwa radiani kwa kugawa kwa 3,438, utapata 0.00326. Zidisha kwa megaparseki 18: kiloparseki 58.6, au miaka ya nuru 191,000. Ile "200,000" ni hii hii iliyokadiriwa juu. Njia Nyeupe huwekwa takriban 100,000, kwa hiyo unaweza kuandika bila hofu kwamba NGC 1365 ina upana unaokaribia mara mbili ya wa kwetu.

Mwinamo ndio mtego mkubwa zaidi, na wengi wanauingia. Kanuni uliyotumia, kosaini ya mwinamo ni kipenyo kifupi kugawa kwa kirefu, inadai kwamba ukingo unaoupima ni duara lililoinamishwa. Kwa galaksi spirali ya kawaida yenye mikono mingi iliyojibana, dai hilo linakubalika. Hapa nuru ya nje imebebwa na mikono miwili mikubwa iliyofunguka, na kati yao sahani ni hafifu mno. Unachopima ni umbo la mikono, na mikono haina wajibu wa kuwa duara.

Nyuzi 40 zilitoka kwenye mwendo wa gesi ya haidrojeni, iliyopimwa kwa mawimbi ya redio ya sentimita 21. Unachora ramani ya kasi ya gesi nzima, kisha unatafuta mwinamo unaoifanya izunguke ipasavyo. Sahani yenye mwinamo wa nyuzi 40 ingetakiwa kuonyesha uwiano wa 0.77. Wewe umepata 0.55. Pengo hilo ni mikono na upau, si mwinamo.

Athari haiishii kwenye namba moja. Kasi halisi ya mzunguko hupatikana kwa kugawa kasi unayoiona kwa saini (sin) ya mwinamo. Saini ya 56 ni 0.83, ya 40 ni 0.64. Ukitumia 56 unapunguza kasi kwa asilimia 23 hivi, na kwa kuwa masi inafuata mraba wa kasi, masi ya galaksi inashuka hadi asilimia 60 tu ya inavyostahili.

Kizingatembe:

Kuhusu upau. Kwanza ondoa wazo la kijiti kigumu. Upau ni msongamano wa nyota zinazopita kwenye njia ndefu nyembamba, zote zimeelekea upande mmoja. Nyota zinaingia na kutoka, umbo linabaki. Katika NGC 1365 upau unachukua kidogo zaidi ya dakika 3 za tao kutoka ncha hadi ncha, yaani zaidi ya miaka ya nuru 50,000. Umbo hilo linazunguka kama kitu kimoja, mzunguko mmoja kwa takriban miaka milioni 350.

Kazi yake ni kushusha gesi. Ndani ya eneo la upau, gesi inazunguka kitovu kwa kasi kuliko umbo la upau, kwa hiyo inaufikia kutoka nyuma. Nyota haziathiriki na msongamano, hupita tu, kwa maana nafasi kati ya nyota na nyota ni kubwa mno. Mawingu ya gesi hayawezi kupita hivyo: yanagongana, yanabanwa, yanatoa joto na kupoteza momentamu ya mzunguko. Kilichopoteza momentamu hiyo hakiwezi kubaki kwenye njia yake, kinateleza kuelekea katikati. Mistari miwili myeusi ya vumbi unayoiona ikikimbia kwenye upau, mmoja kila upande wa kitovu, ndipo mgongano unapotokea. Ukiitazama vizuri utaona haipo katikati ya upau; imeegemea ukingo wa mbele, ule unaotangulia katika mzunguko.

Gesi haifiki hadi kwenye kitovu chenyewe. Inasimama kwenye pete ndogo, karibu na mahali panapoitwa resonansi ya ndani ya Lindblad, ambapo mzunguko wa gesi na mvuto wa upau vinaingiana kwa namna inayozuia gesi kuendelea kushuka. Hapo gesi inajazana na nyota zinazaliwa kwa wingi. Darubini ya Webb, kwa kuwa inaona kwa mwanga wa infraredi unaopenya vumbi, imefichua katika pete hiyo vishada vichanga vya nyota ambavyo picha za mwanga wa kawaida zilivikosa. (Jambo linalonigusa: mwanaastronomia Bertil Lindblad ndiye ambaye resonansi hizo zilipewa jina lake, na mwanawe Per Olof Lindblad aliichunguza galaksi hii hii kwa miaka mingi.)

Kwenye upau wenyewe nyota mpya ni chache. Gesi ipo, ila inakimbia na kuvutwa kwa kasi zinazotofautiana kati ya tabaka na tabaka, hivyo mawingu yanachanwa kabla hayajajikusanya. Ndiyo maana upau ni wa manjano, rangi ya nyota za umri mkubwa, na mikono ni ya buluu yenye madoa mekundu. Kwenye ncha, upau unapokutana na mikono, gesi inarundikana tena na kuzaa.

Alama ya aina yake, SB(s)b, inasomeka hivi: SB ni spirali yenye upau dhahiri, (s) ina maana mikono inaanzia moja kwa moja kwenye ncha za upau bila pete kuuzunguka, b ni kiasi cha kufunguka kwa mikono, katikati ya a iliyobana na c iliyoachia.

MchoraAnga:

Nimeelewa, na nashukuru sana. Mawili yamebaki. Naweza kujua inazunguka kuelekea wapi kwa kuangalia picha tu? Na mwenzangu ameipiga picha kwa kichujio cha H-alfa (mwanga mwekundu wa haidrojeni) chenye upana wa nanomita 3, karibu haikutoka kitu, ilhali picha za Hubble zimejaa madoa mekundu. Muda wake wa kukusanya mwanga ulitosha.

Kizingatembe:

Inawezekana, kwa dalili mbili. Vumbi la upau liko ukingo wa mbele, na mikono ya spirali kama hii huburutwa nyuma. Weka kaskazini juu na mashariki kushoto. Mkono wa ncha ya magharibi unapinda kwenda kaskazini, wa mashariki unapinda kwenda kusini. Mikono ikiburutwa nyuma, basi galaksi inazunguka kama mshale wa saa, na hivyo ndivyo ilivyo.

Kabla ya kuandika hivyo hakikisha picha haijageuzwa kama kwenye kioo. Darubini yenye idadi isiyo shufwa ya vioo, kwa mfano ya lenzi yenye kioo kimoja cha kupindishia mwanga, inabadilisha kulia na kushoto. Darubini ya Newton ina vioo viwili, kwa hiyo inapindua picha tu bila kuigeuza. Kuizungusha picha iliyogeuzwa hakuirekebishi, hata uizungushe mara ngapi. Linganisha na ramani ya nyota tatu zisizo kwenye mstari mmoja, au iache programu ya kutambua nyota ikuambie.

Nanomita:

Kichujio ndicho kilichomponza, na amani iwe kwake, maana kamera yake haina kosa. Mstari wa H-alfa ni nanomita 656.3 kwa chanzo kilichotulia. Zidisha kwa 0.00546: umesogea kwa 3.6, uko 659.9. Kichujio cha nanomita 3 kilichowekwa katikati ya 656.3 kinapitisha kuanzia 654.8 hadi 657.8. Mwanga wa galaksi umekatwa wote. Alichopata ni mabaki ya mwanga wa nyota.

Cha nanomita 7 kina hatari zaidi kwa sababu kinatoa kitu kinachoonekana sahihi. Mwisho wake ni 659.8, hivyo mstari unakaa ukingoni ambapo upitishaji umeshuka hadi nusu hivi. Sasa galaksi inazunguka: upande mmoja unatukaribia na mwingine unatuacha kwa karibu km/s 200 kila mmoja ukilinganisha na kitovu, na hiyo ni nanomita 0.4 kila upande. Upande unaokaribia unaingia ndani ya kichujio, unaoondoka unatoka nje. Picha itaonyesha mkono mmoja umejaa maeneo ya kuzaa nyota na mwingine umekauka, na mtu ataandika kwamba galaksi haina ulinganifu. Darubini yenye uwiano mdogo wa fokasi, kama f/2, inaongeza tatizo, kwani miali inayoingia kichujio kwa pembe kali inasogeza dirisha lake kuelekea buluu.

Atumie kichujio cha nanomita 12, ambacho kinafika 662, au kilichotengenezwa kwa katikati karibu na 660. Cha 12 kinapitisha pia mstari wa naitrojeni, unaokuwa 661.9, kwa hiyo asipime nguvu ya haidrojeni peke yake kwa picha hiyo.

Kuhusu picha ya kawaida: kwa kamera yenye pikseli za mikromita 3.76 na fokasi ya mm 800, kila pikseli inashika sekunde 0.97 za tao, na galaksi itachukua pikseli 690 hivi kwa urefu. Inatosha. Kinachowashinda watu ni wembamba wa mwanga. Magnitudo yake ya jumla ni takriban 9.6, lakini imetandazwa kwenye eneo la dakika za tao 55 za mraba, hivyo kila sekunde ya tao ya mraba ina magnitudo 22.8 kwa wastani. Anga jeusi kabisa lina 22 hivi. Maana yake mikono ni hafifu kuliko anga lenyewe, na dawa ni muda wa jumla: saa sita na kuendelea, kwa vipande vya dakika mbili au tatu. Ongeza na vipande vya sekunde 30 kwa ajili ya kitovu, la sivyo kitaungua na mistari ya vumbi ya katikati itapotea.

Kosa la mwisho hutokea kwenye kompyuta. Programu za kusawazisha mandharinyuma huweka alama za sampuli zenyewe, na zikiangukia kwenye mikono ya nje zinaihesabu kama mwanga wa anga na kuifuta. Ziondoe kwa mkono alama zote zilizo ndani ya dakika 8 za tao kutoka kitovuni.

Na kimo: galaksi iko nyuzi 36 kusini mwa ikweta ya anga. Toa tofauti kati ya latitudo yako na −36 kutoka 90, utapata kimo chake cha juu kabisa. Mtu aliye kwenye ikweta anaipata nyuzi 54. Aliye latitudo 40 kaskazini anaipata 14 tu, ambapo hewa nzito inaharibu kila kitu. Katikati ya Novemba inafika juu kabisa usiku wa manane. Kwa macho, darubini ya sentimita 20 inaonyesha kitovu na upau. Mikono inataka sentimita 30 na giza la kweli.

Sefeidi:

Kwenye karatasi usisahau kitovu. NGC 1365 ni galaksi ya Seyfert: shimo lake jeusi, lenye masi ya takriban Jua milioni 2, linakula gesi na kung'aa kwa eksirei. Mwaka 2013 vipimo vya darubini za eksirei NuSTAR na XMM-Newton vilionyesha linajizungusha kwa kasi inayokaribia kikomo cha nadharia ya Einstein. Ushahidi ulikuwa mstari wa chuma, ambao kawaida upo kwenye nishati ya keV 6.4, uliotanuliwa na mvuto mkali wa karibu na shimo. Eksirei zake hubadilika ndani ya siku chache au hata saa, mawingu ya gesi yanapopita mbele yake.

Hilo lina matokeo kwa anayetaka kupima mhamo mwekundu mwenyewe. Kitovu kinarusha koni ya gesi yenye ioni kuelekea kusini-mashariki. Ukiweka mpasuo wa spektrografu juu ya kitovu peke yake, mistari ya oksijeni itakupa kasi ya gesi inayorushwa. Uweke kando ya upau na uchukue wastani wa pande mbili.

Aliyeigundua ni James Dunlop, mwaka 1826, akiwa Australia.

MchoraAnga:

Swali dogo la mwisho. Nilitaka kichwa cha karatasi kiseme "galaksi ya mbali yenye upau". Ni sawa?

Pembetatu:

Kwa msomaji wa kawaida ni mbali. Kwa wanaochunguza pau, NGC 1365 ni jirani, na ndiyo maana inafaa sana: tunaona vumbi, pete na ncha kila kimoja peke yake. Ya mbali ni kama ceers-2112, iliyotangazwa mwaka 2023 kutokana na picha za Webb, ambayo tunaiona ilivyokuwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka bilioni 2.1, mhamo mwekundu wa 3. Ina upau. Iliwashangaza wengi, kwa sababu hesabu ya Hubble ya galaksi 2,000 iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha pau zikipungua kadiri unavyorudi nyuma, kutoka karibu theluthi mbili za galaksi spirali za sasa hadi moja ya tano miaka bilioni 7 iliyopita.

Sehemu ya upungufu huo ni ugumu wa kuona tu. Chukua NGC 1365 yenyewe uiweke kwenye mhamo mwekundu wa 3. Upau wake, unaojaza dakika 3 za tao sasa, ungebaki sekunde 2 na kidogo. Mwangaza wa kila eneo la uso wake ungepungua kwa (1+z) kipeo cha 4, yaani mara 256. Na mwanga mwekundu wa nyota zake za zamani, ulioondoka ukiwa nanomita 700, ungetufikia ukiwa 2,800, nje kabisa ya uwezo wa Hubble, ambayo inaishia karibu na 1,700. Hubble ingeona tu madoa ya buluu ya mikono, bila upau kati yake.